Mnana wa Kilifi: Ndege wa Visiwa Viwili

Utangulizi

Kwa kawaida neno kisiwa humaanisha nchi kavu iliyozungukwa na maji. Wataalamu wa viumbe wameipanua dhana hii. Kwao, msitu uliozingirwa na mashamba, barabara na makazi ya watu nao ni kisiwa, maadamu kiumbe asiyeweza kuishi mbali na miti yake hawezi kuuvuka uwanda huo na kutafuta makao mengine. Makala haya yanaitumia dhana hiyo kufafanua maisha ya ndege mdogo anayepatikana katika Kaunti ya Kilifi pekee, na funzo analolitoa kuhusu uhifadhi wa ndege kwa jumla.

Kielelezo kutoka Shelisheli

Katika Bahari ya Hindi kuna kisa mashuhuri cha ndege mwimbaji aliyeokolewa kwa kukilinda kisiwa chake. Ndege huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Acrocephalus sechellensis, alikuwa amebakia katika kisiwa cha Cousin peke yake, chenye ukubwa wa hekta zipatazo 27. Kufikia mwaka wa 1968 idadi yao haikuzidi 30. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho ilikuwa imepandwa minazi, na vichaka vya asili ambamo ndege hao walitafuta wadudu vilikuwa vimepungua mno. Mwaka huohuo kisiwa kilinunuliwa na Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, shirika ambalo baadaye liligeuka kuwa BirdLife International. Vichaka vya asili viliachwa vikue upya, na ndege wakaongezeka hadi kufikia mamia. Kisha ndege 29 walihamishiwa kisiwa cha Aride mwaka wa 1988, na wengine 29 wakapelekwa Cousine mwaka wa 1990. Visiwa vya Denis na Frégate vilifuata mwaka wa 2004 na 2011.

Kisa hiki kinatia moyo. Hata hivyo, ni vyema kuzingatia kilichokirahisisha: mipaka ya makao ya ndege ilijulikana, nayo ilikuwa ni bahari. Nani angeweza kusema hivyo kuhusu ndege wa bara?

Mnana wa Kilifi ni nani?

Katika lugha ya sayansi ndege huyu huitwa Ploceus golandi. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1913 na Stephenson Clarke, na kwa sababu hiyo vitabu vya Kiingereza humnasibisha na jina la Clarke au la Kilifi. Yeye ni wa jamaa ya minana, wale ndege mafundi wa kusuka viota ambao mkazi yeyote wa Pwani amewaona wakining'inia katika minazi. Dume ana kichwa na mgongo mweusi na tumbo la manjano. Jike ana rangi ya kijani iliyofifia mgongoni.

Tofauti yake na minana wa kawaida ni kwamba hajazoea kuishi kando ya watu. Aghalabu huonekana katika makundi juu ya vilele vya mirihi, akitafuta wadudu. Mirihi hiyo hupatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba kati ya Kilifi na Malindi, na katika msitu wa Dakatcha, ulio kaskazini mwa mto Sabaki, upande wa Marafa. Nje ya sehemu hizo mbili hajulikani kuishi kwingineko duniani, na amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka.

Kitendawili cha kiota

Kwa muda wa karne nzima hapakuwa na mtaalamu aliyejua mahali ndege huyu anapotagia. Watafiti waliwaona Arabuko-Sokoke kwa miezi kadhaa ya mwaka, kisha makundi yakatoweka. Kwa kuwa ndege hawa hukaa juu kabisa ya miti, ilikuwa rahisi kudhani kuwa viota vyao pia vimo huko juu.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa 2013 viota vilipatikana Dakatcha, tena si mitini bali chini, katika ndago zilizoota ndani ya kidimbwi cha msimu kilichojazwa na mvua. Kundi la wakazi wanaoushughulikia uhifadhi wa Dakatcha, wakishirikiana na shirika la Nature Kenya, walikuwa mstari wa mbele katika ugunduzi huo. Ujuzi wa watu wanaofahamu mvua inaponyesha na maji yanapotuama uliziba pengo ambalo vitabu vilishindwa kuliziba.

Visiwa viwili, ulinzi wa aina mbili

Ugunduzi huo ulibadili maana ya kumhifadhi mnana huyu. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali unaolindwa kisheria tangu enzi za ukoloni. Sehemu kubwa ya Dakatcha, kwa upande mwingine, ni ardhi ya jamii, ambako watu hulima, huchunga na huchoma makaa ili kujikimu. Kuanzia mwaka wa 2009 palikuwa na mpango wa kupanda mbono kaburi huko katika maelfu ya hekta kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Baadhi ya wakazi pamoja na wahifadhi waliupinga, na mpango huo ukakwama. Lau ungetekelezwa kikamilifu, huenda vidimbwi vya kutagia vingefyekwa kabla ya umuhimu wake kujulikana.

Hapa ndipo kielelezo cha Cousin kinapofikia kikomo chake. Dakatcha haiwezi kununuliwa yote na watu wakaambiwa wahame. Njia iliyopo ni kuufanya msitu uwe na faida kwa jirani zake. Mfano ni mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao ng'ambo. Hali kadhalika, Wamijikenda wana mfano wao wenyewe wa kale: makaya, misitu midogo iliyolindwa kwa miiko ya wazee, ambayo mingine iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2008.

Hitimisho

Imebainika kwamba mnana wa Kilifi hana kisiwa kimoja bali viwili: kimoja cha kulishia na kingine cha kutagia. Kukilinda kimoja na kukiacha kingine ni sawa na kumhifadhia mtu nyumba huku kisima chake kikifukiwa. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana nafasi yao katika kazi hii. Majina ya ndege, miti, nyasi na vidimbwi vya Pwani yamo vinywani mwa wazee wa Marafa na Gede, na mengi hayajaingizwa katika kamusi. Kuyakusanya ni kazi ya lugha, lakini kama kiota cha mwaka 2013 kinavyothibitisha, ni kazi ya uhifadhi pia.