Umbo la Kirusi na Pumzi za Watoto Wetu

Kina mama wa Pwani wanaijua hali hii: mtoto mchanga huanza kwa mafua, usiku wa pili kifua kikabana, mbavu zikaingia ndani kila avutapo pumzi, na nyumba nzima isifumbe jicho. Mara nyingi sababu yake ni kirusi kiitwacho RSV, ambacho watafiti wa Kilifi wamekifuatilia kwa miaka mingi. Duniani, kila mwaka hufariki kwa ajili yake takriban watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano.

Mwaka 1966 chanjo yake ilijaribiwa Marekani, ikaleta msiba. Watoto waliochanjwa, walipoambukizwa, waliugua kuliko wenzao, na wawili wakafariki. Kwa miongo mingi baadaye haikupatikana chanjo.

Mwaka 2008 mtafiti chipukizi, Jason McLellan, alijiunga na kituo cha utafiti wa chanjo cha serikali ya Marekani. Ghorofa ya mwalimu wake ilikuwa imejaa. Akapewa nafasi ghorofa nyingine, jirani na Dkt. Barney Graham, bingwa wa RSV. Ujirani ule ukazaa ushirikiano.

Protini inayokifungulia kirusi mlango wa seli ni mfano wa mwavuli: ukishapinduliwa na upepo, umbo lake si lile tena. Chanjo ya zamani iliufundisha mwili kulitambua umbo lililokwisha kupinduka, si lile linaloshambulia. Mwaka 2013 McLellan na wenzake walilidhihirisha umbo la kwanza kwa miale ya eksirei, kisha wakalikaza lisipinduke. Jarida la Science likaitukuza kazi hiyo miongoni mwa mafanikio makubwa ya mwaka huo.

Matunda yake yalionekana mwaka 2023, Marekani ilipoidhinisha chanjo ya mama mjamzito. Kinga yake humfikia mtoto angali tumboni, ikamlinda miezi ya mwanzo, aliyo dhaifu zaidi. Sasa Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuanzia wiki ya 28 ya mimba.

Basi, enyi kina mama, tunakunasihini muulize kliniki habari za chanjo hii. Nanyi kina baba, mtoto apumuaye kwa shida hangojewi kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku uo huo.