Kinga Iliyochelewa na Kinga Iliyopindukia (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi virusi vya UVIKO-19 vinavyoingia kwa njia ya pua na koo, na jinsi vinavyoweza kushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, mahali ambapo damu na hewa hutenganishwa na utando ambao sehemu zake nyembamba hazifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Leo tunaingia katika suala gumu zaidi, nalo ni hili: imekuwaje mgonjwa ambaye siku ya tano aliweza kuketi kitandani akanywa uji na kuzungumza na wanawe, ikifika siku ya kumi akose pumzi, ilhali virusi vyenyewe, vikipimwa puani mwake, mara nyingi vimekwisha kupungua?

Ili tulielewe jambo hili sharti turudi kwenye saa za mwanzo za maradhi. Mnamo mwaka 1957 wanazuoni wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakifanya kazi pamoja pale Mill Hill, London, walichukua virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto, wakaviweka pamoja na vipande vya utando wa mayai ya kuku yenye vifaranga, nao wakaona kwamba utando ule ulitoa kitu ambacho, kikitiwa kwenye vipande vingine vizima, huvifanya vivikatalie virusi hai kuzaana ndani yake. Kitu hicho wakakiita intaferoni. Kazi yake, kwa muhtasari, ni kuziarifu seli jirani zifunge milango na kuvunja nakala za virusi zitakazoingia, nayo huifanya kazi hiyo siku nyingi kabla seli T na kingamwili hazijawa tayari. Maadamu intaferoni imetoka mapema na kwa kadiri yake, maradhi mengi ya njia ya hewa huishia katika homa ya siku mbili tatu na kikohozi.

Ikichelewa, au isipotoka kabisa, mambo hubadilika. Mwaka 2020 matabibu wa Uholanzi waliandika habari za vijana wanne wa kiume, ndugu wawili wa nyumba moja na ndugu wawili wa nyumba nyingine, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 26 na hawakuwa na maradhi yoyote ya zamani, nao wote wakafikia kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, mmoja akafariki. Walipochunguzwa ikabainika kwamba jeni moja, iitwayo TLR7, ambayo husaidia seli kutambua virusi na kuamuru intaferoni itolewe, ilikuwa imeharibika kwao tangu kuzaliwa. Jeni hiyo imo katika kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, na kwa hiyo ikiharibika hana ya akiba.

Mwaka huo huo jopo la watafiti, wakiwamo Paul Bastard na Jean-Laurent Casanova, likachapisha jambo la ajabu zaidi. Katika wagonjwa 987 waliokuwa na homa ya mapafu ya kuhatarisha maisha, 101 walikuwa na kingamwili ambazo, badala ya kushika virusi, ziliishika intaferoni ya mgonjwa mwenyewe na kuibatilisha, ilhali katika watu 663 walioambukizwa bila kuugua au wakaugua kidogo tu hakupatikana hata mmoja mwenye hali hiyo. Kati ya wale 101, wanaume walikuwa 95. Mimi nauona utafiti huu kuwa miongoni mwa yaliyo adhimu kuliko yote ya miaka ile, kwa sababu ulionyesha bayana kwamba mgonjwa aweza kuwa mahututi kwa upungufu wa kinga, wakati ambapo kila gazeti lilikuwa likipiga kelele juu ya kinga iliyozidi.

Sasa tuje kwenye zamu ya pili, ambayo ni ya seli T. Seli hizi huzaliwa katika uboho, hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kisha huzunguka katika damu na katika tezi za limfu, kila moja ikiwa na kipokezi chake kinachotambua kipande kimoja maalumu cha protini na si kingine. Kukitambua kipande hicho peke yake hakutoshi kuiamsha. Sharti aje mjumbe kutoka mapafuni, seli yenye matawi, aionyeshe seli T kipande cha kirusi na papo hapo aipe ishara ya pili inayothibitisha kwamba hatari ni ya kweli. Bila ya ishara hiyo seli T hunyamaza, na ni hikima kubwa kwamba hunyamaza, kwani vinginevyo tungalishambuliwa na miili yetu kila siku. Ikishapata ishara zote mbili huanza kugawanyika, moja ikawa mbili na mbili zikawa nne, hata baada ya takriban juma moja zikatimia maelfu kwa maelfu. Seli iliyoamshwa hubadilisha sura yake ya nje, ikavaa protini zinazoitwa CD38 na HLA-DR, na kwa alama hizo wataalamu wa maabara huweza kuzihesabu katika tone la damu.

Walipozihesabu kwa wagonjwa mahututi walikuta hali mbili zinazoonekana kupingana. Jumla ya seli T katika damu ilikuwa imeshuka sana, walakini zile zilizosalia, kwa wagonjwa wengi, zilikuwa zimeamshwa kupita kiasi. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, lililochunguza wagonjwa 125, lilikwenda mbali zaidi likaonyesha kwamba wagonjwa hao hawafanani: wako ambao seli zao zimewaka kwa nguvu, na wako ambao seli zao hazikuonyesha dalili yoyote ya maana ya kuamka, ijapokuwa wote walikuwa wamelala hospitalini kwa maradhi yale yale.

Damu, hata hivyo, ni njia ya kupita tu. Vita viko mapafuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichukua majimaji kutoka ndani kabisa ya mapafu ya wagonjwa 88 waliokuwa wameshindwa kupumua, wakakuta humo wingi wa seli T na wa seli nyingine za kinga ziitwazo monosaiti. Maelezo yao ni kwamba makrofaji, yaani seli walaji wakaao ndani ya vifuko vya hewa, huingiliwa na virusi, nao hutoa ishara za kuziita seli T. Seli T zikija hutoa intaferoni ya aina nyingine, iitwayo gama, ambayo huwachochea makrofaji waite seli T zaidi. Duara hili huzunguka polepole, siku baada ya siku, likihama kutoka pembe moja ya pafu hadi nyingine, na wakati huo utando ule mwembamba tuliouzungumzia huvuja, majimaji yakajaa mahali pa hewa, seli za kinga ziitwazo nyutrofili zikaingia na kumwaga vimeng'enya vyake, na damu ikaganda katika mishipa midogo. Ndiyo sababu ya siku ya kumi.

Wengi hufananisha kinga na jeshi, nami siupendi sana mfano huo, kwani jeshi lina amiri ajuaye vita vimekwisha, na hili halina amiri. Lina saitokini tu, kama intaleukini-6, zinazopita katika damu zikiuambia mwili mzima upandishe homa.

Jambo hili la kinga kuchelewa kisha kupindukia si geni. Mafua makuu ya mwaka 1918, ambayo yalifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa njia ya vyombo vya baharini, yaliwaua vijana wenye nguvu kwa wingi usio wa kawaida; na virusi vile vilipofufuliwa maabara na kutiwa kwa nyani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ikaonekana kwamba intaferoni ilitoka kwa mashaka ilhali uvimbe wa mapafu uliendelea bila ya kikomo.

Hapa ndipo tunapofikia tiba. Deksamethasoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, nayo huzituliza seli za kinga karibu zote bila ya kuchagua. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio lililoitwa RECOVERY, ambamo wagonjwa wa hospitali za Uingereza waligawanywa kwa bahati nasibu, 2,104 wakapewa dawa hiyo, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku kumi, na 4,321 wakapata matunzo ya kawaida. Katika waliokuwa kwenye mashine, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, katika waliokuwa wakipewa oksijeni tu, kutoka 26.2 hadi 23.3. Lakini katika wale ambao hawakuhitaji oksijeni hakukuwa na faida, na hesabu zenyewe zilielekea upande wa madhara: 17.8 kwa waliopewa, 14.0 kwa wasiopewa. Baadaye tosilizumabu, ambayo huzuia intaleukini-6 peke yake, nayo ikaonyesha kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi, ila bei yake huiweka mbali na hospitali zetu nyingi.

Mwenye kuyafuata tuliyoyaeleza hatashangazwa na tarakimu hizo. Mgonjwa wa siku za mwanzo bado anaihitaji kinga yake iamke, na kuilaza wakati huo ni kuvisaidia virusi. Mgonjwa wa siku ya kumi anayekosa pumzi ameshavuka huko. Kwa hiyo namsihi msomaji, kwa ajili yake na jamaa zake, asinunue deksamethasoni dukani kwa sababu ya homa na kikohozi, licha ya kwamba watu wengi walifanya hivyo katika siku za hofu. Dawa hii hupandisha sukari ya damu, na yaweza kukiamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala. Mwezi Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii hii zitumike kwa wagonjwa walio katika hali kali, na likashauri zisitumike kwa wasio katika hali hiyo. Alama mojawapo ya hali kali ni oksijeni ya damu kuwa chini ya asilimia 90. Lakini ukiona kipimo cha kidoleni kinashuka, hata kabla hakijafika hapo, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.