Kijiko Kisichoshika Kutu

Geuza kijiko cha jikoni kwako usome nyuma ya mpini. Huenda ukakuta neno INOX, au namba 18/10. Namba ni mapishi yake: asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. INOX ni kifupi cha neno la Kifaransa linalodai kwamba kitu hiki hakiungani na oksijeni. Waingereza husema stainless, yaani bila doa. Sisi dukani tunaomba stenlesi; kwenye maandishi tunasoma chuma cha pua, ingawa kwa wahunzi wa zamani pua ilikuwa chuma kigumu chochote cha kutilia makali, nacho kilishika kutu kama kawaida.

Mimi naona jina la Kifaransa ndilo lililopotoka zaidi, kwa sababu kinachokiokoa kijiko ni oksijeni hiyohiyo. Kromiamu ikifika asilimia 10.5 au zaidi, hukutana na hewa na papo hapo kutandaza juu ya chuma utando wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni za milimita moja. Kutu ya kawaida hubanduka maganda maganda na kuacha chuma cha chini kiendelee kuliwa. Utando huu haubanduki. Ukwaruze kwa kisu, na pale palipochubuka patajifunika penyewe, mradi hewa ipo.

Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi kwa joto la risasi. Ili kukitazama kwa hadubini ilibidi kwanza akimwagie asidi. Chuma chenye kromiamu kwa karibu asilimia 13 kilikataa kuliwa. Yeye, mtoto wa mji wa visu, akawaza meza ya chakula: siki na ndimu zilikuwa zikiharibu visu kila siku. Alikiita chuma kisicho na kutu. Jina la "bila doa" alilipata kwa Ernest Stuart, mtengeneza visu, baada ya Stuart kukijaribu kwa siki. Ujerumani nako, kiwanda cha Krupp kilikuwa kimeshasajili chuma cha aina hii mwaka 1912.

Doa lenyewe, hata hivyo, hutokea. Chumvi ya bahari hutoboa ule utando, ndiyo maana vyuma vya ngazi vya nyumba za pwani huota madoa ya rangi ya chai. Fundi anayejua ataagiza aina iliyoongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3.

Na ukiona vidoa vya kutu kwenye sufuria mpya ya stenlesi, kabla ya kumlaumu muuzaji angalia unachosugulia. Nyuzi za chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya sufuria, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu. Sugua kwa sponji na maji ya ndimu, suuza, kausha kwa kitambaa.