Kagua slipu yako: NSSF inatoka kwanza, kodi baadaye

Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Msata, njia panda ya Bagamoyo, mshahara laki 5. Juzi nikakaa na slipu yangu na kalkuleta ya simu, nikagundua naliwa kiulaini.

Iko hivi. NSSF nakatwa 10%, yaani 50,000, na bosi anaweka 10% yake. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mchango wangu unaondolewa kwanza, ndipo kodi inapigwa kwenye kinachobaki: 450,000, siyo laki 5. Huku Bara 270,000 ya kwanza haina kodi, na inayofuata mpaka 520,000 ni 8% tangu Julai 2021. Jumla 14,400. Mimi nilikuwa nakatwa 18,400! Hujazi fomu wala huendi TRA, ni hesabu ya mhasibu tu. Ila pesa ya kibubu au VICOBA haimo, lazima uwe mfuko wa pensheni unaotambulika kisheria.

Mhasibu wetu kakubali kurekebisha kuanzia mwezi huu. Ya miezi 8 ya nyuma, 32,000 nzima, bado tunavutana.