Abiria Waongezeka, Kipawa Yahama: Jinsi Uwanja wa Ndege wa Dar es Salaam Ulivyopanuliwa

Wengi wenu mmepita katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Wafadhili mmepita mkija kutembelea miradi, na wanakamati wa parokia mmefika pale kupokea wageni au kusindikiza ndugu. Tangu mwaka 2019 wageni kutoka nje hushukia katika jengo la tatu la abiria, jengo kubwa na lenye nafasi. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini jengo hilo lilihitajika, na zaidi ya hapo, ardhi ya kupanulia uwanja ilipatikanaje. Habari ya jengo inajulikana. Ile ya ardhi inawahusu zaidi waumini wetu, na kwa bahati mbaya haisimuliwi sana.

Jengo la kwanza lilijengwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950. Jengo la pili lilifunguliwa mwaka 1984, likiwa limesanifiwa na Mfaransa Paul Andreu kwa ajili ya abiria wapatao milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa nchi iliyokuwa ikipanga foleni ya sukari na sabuni, nafasi hiyo ilionekana kubwa mno. Lakini uchumi ulifunguka, utalii ukakua, na mwaka 2012 likaja shirika la nauli nafuu lililowafanya hata wafanyabiashara wadogo wa Mwanza waanze kupanda ndege badala ya basi. Muda si mrefu jengo la pili likawa linapokea abiria wengi kuliko lilivyokusudiwa.

Hapa inafaa kueleza jambo moja ambalo huwachanganya watu. Uwanja wa ndege hauelemewi na idadi ya abiria wa mwaka mzima, bali na saa moja yenye msongamano. Ndege kubwa tatu za kutoka Ulaya na nchi za Ghuba zikifuatana, abiria mia kadhaa wanasimama kwa wakati mmoja mbele ya maofisa uhamiaji na kusubiri mizigo kwenye mkanda uleule. Saa tatu baadaye ukumbi ni mtupu. Ni sawa na kanisa: halijengwi kwa kuangalia misa ya Jumanne asubuhi.

Mkataba wa ujenzi wa jengo la tatu ulisainiwa mwaka 2013 na kampuni ya BAM International ya Uholanzi. Jengo lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Safari za kimataifa zikahamia huko na jengo la pili likabaki na safari za ndani. Miezi michache baadaye ukaja ugonjwa wa korona, na kumbi zikawa kimya. Hata hivyo abiria walirudi.

Sasa tuje kwenye ardhi. Mtu anaweza kuuliza: kama kinachoongezwa ni jengo, kwa nini mtaa mzima uhame? Sababu ni kwamba jengo ni sehemu ndogo tu. Njia kuu ya kurukia ndege pale ina urefu wa mita 3,000. Kanuni za kimataifa zinataka kila upande wa mstari wake wa kati uachwe wazi kiasi cha mita 140 bila nyumba wala miti, na baada ya miisho yake iwepo sehemu ya tahadhari isiyopungua mita 90, ingawa inashauriwa ifike 240. Ongeza maegesho ya ndege, barabara za kupitia ndege, matangi ya mafuta na maegesho ya magari. Uwanja ambao zamani ulikuwa nje ya mji ulikuwa umekwisha kuzungukwa na makazi ya watu: Kipawa, Kigilagila, Kipunguni.

Uthamini wa mali za wakazi wa maeneo hayo ulifanyika mwaka 1997. Malipo kwa watu wa Kipawa yalikuja mwishoni mwa muongo uliofuata, karibu miaka kumi na miwili baadaye. Tunawaomba wasomaji wapime maana ya muda huo. Mwenye nyumba iliyokwisha kuthaminiwa hawezi kuongeza chumba, kwa kuwa hakitahesabiwa. Hapaki rangi, hachimbi kisima, na akitaka kuuza hapati mnunuzi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uthamini alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi nyumba ikiwa bado inasubiri kubomolewa. Wakati huohuo dola moja ilitoka karibu shilingi 600 mwaka 1997 hadi karibu shilingi 1,300 mwaka 2009, na bei ya saruji na mabati haikungoja. Ndiyo maana wakazi wengi walilalamika kwamba nyumba zao zinalipwa kwa bei ya zamani ilhali wanakwenda kujenga kwa bei mpya. Kwa maoni yetu malalamiko hayo yalikuwa ya haki, hata kama kila mtu anakubali kwamba uwanja ulihitaji kupanuliwa.

Waliohama walipewa viwanja upande wa Pugu, katika maeneo kama Mwakanga na Kinyamwezi. (Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliopisha uwanja wenye jina lake wakaenda kuanza upya karibu na shule yake.) Aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kandokando ya Barabara ya Nyerere alijikuta mbali na wateja wake, akianza na nauli kabla hajaanza na mtaji. Maji, shule na zahanati havikuwa vimetangulia. Wenzao wa Kipunguni walibaki wakisubiri fidia hata baada ya jengo la tatu kufunguliwa.

Tangu wakati ule sheria zimebadilika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na thamani ya ardhi yenyewe ihesabiwe, si nyumba na miti pekee. Kanuni za mwaka 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, ya malazi inayolingana na pango la miezi 36, na ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema kwamba uthamini ukipita miaka miwili tangu kuidhinishwa bila malipo kufanyika, unarudiwa. Kifungu hicho kingewaokoa watu wa Kipawa. Wapangaji, ambao mjini ni wengi kuliko wenye nyumba, kwa kawaida hawamo katika orodha ya fidia.

Tunaandika haya kwa sababu kazi ya viwanja haijaisha. Msalato, nje ya Dodoma, uwanja mpya wenye njia ya mita 3,600 uliwekewa jiwe la msingi mwaka 2022, na viwanja vya Tabora, Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga viliingizwa katika mpango wa kupanuliwa. Parokia iliyo jirani na mradi wa aina hii ina wajibu wa karibu, kwani mara nyingi parokia yenyewe ni mwenye mali: kuna kanisa, chekechea, na makaburi, ambayo kuhamishwa kwake kuna sheria yake ya mwaka 1969 inayotaka taarifa itolewe kwanza.

Kamati isisubiri barua. Mthamini akija, mjumbe mmoja aandamane naye nyumba kwa nyumba, na kila familia ibaki na nakala ya fomu iliyosainiwa na picha ya nyumba yake yenye tarehe. Wajane na wazee wasaidiwe kufungua akaunti ya benki mapema, jina la akaunti likifanana herufi kwa herufi na lile lililo kwenye fomu. Nakala moja ya kila fomu itunzwe ofisini kwa paroko, katika kabati linalofungwa, hadi mtu wa mwisho katika orodha atakapolipwa.