Maji Yakipanda, Mnyama Aliyefungwa Hana pa Kukimbilia

Mwaka mmoja wa mafuriko tulikuwa tunahudumia watu waliohamia katika jengo la shule. Baba mmoja alikuwa amekwishafika salama na watoto wake. Usiku akakumbuka mbuzi wanne aliowaacha bandani wamefungwa kamba, akarudi. Wawili aliwakuta wamekufa maji, na yeye mwenyewe akachanwa mguu na bati. Siku kumi baadaye akaletwa kwetu ana homa kali, macho mekundu, na misuli ya miguu haigusiki kwa maumivu. Tulimtibu homa ya mgunda, na alhamdulillah alipona.

Ugonjwa huu wengi wetu tulilisikia jina lake Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ndio uliowapata watu mkoani Lindi, watatu wakafariki. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, na pia wa mbwa, ng'ombe na mbuzi. Mafuriko huusambaza mkojo huo kila mahali, na mtu anayetembea majini ana kidonda huvipokea kupitia hapo. Homa ikikushika baada ya kutembea kwenye maji hayo, usikae na panadol. Nenda kituo cha afya na umweleze mganga kuwa uliingia majini.

Kwa hiyo suala la mifugo na paka wa nyumbani ni suala la roho za watu. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, walikuwepo waliokataa kuondoka kwa sababu hawakuruhusiwa kwenda na wanyama wao. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria kuwa mipango ya kuhamisha watu iwahesabu na wanyama wao. Sisi Waislamu tuna hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Mbuzi aliyeachwa kwenye kamba na maji yanakuja, hali yake ina tofauti gani?

Anza na mbuzi na ng'ombe, kwa kuwa hao hawabebeki. Ikitangazwa tahadhari ya mvua, wapelekwe mwinuko mchana, kwa ndugu au jirani, kabla maji hayajaonekana. Kuku wawekwe kwenye tenga. Ile tabia ya kuwafunga miguu kumi kumi na kuwatupa chini iachwe, maji kidogo tu huwamaliza. Paka naye ana mashaka zaidi, maana akisikia vurugu hujificha uvunguni na hatoki. Mzoeshe tenga lenye kifuniko siku za kawaida, mlishe dagaa humo ndani. Siku ya safari lifunike kwa khanga, atatulia. Na kama dakika zimekwisha na huwezi kuwachukua, basi kata kamba, fungua banda, uondoke. Usirudi.

Walio na mbwa wa ulinzi au wa kuchungia wahakikishe amechanjwa kichaa cha mbwa, na paka vilevile, kila mwaka. Kambini mbwa mwenye hofu huweza kumng'ata hata anayemjua. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna tiba. Hapa niseme jambo, maana nimeliona: mtu anapaka udongo kwenye jeraha bichi kwa kukumbuka hukumu ya kuosha mara saba. Udongo ndani ya jeraha huweza kuleta pepopunda. Jeraha lioshwe kwa sabuni kwanza, na suala la twahara muulize sheikh wako.

Kambini wanyama wakae mbali na kisima na jiko. Kinyesi cha paka kisizolewe na mama mjamzito, kwani kina vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama hana wa kumsaidia, avae mifuko ya plastiki mikononi na anawe kwa sabuni.

Maji yakipungua huja mtihani mwingine. Mzoga wa ng'ombe unaonekana bado mzima, na watu wana njaa. Aliyekufa maji ni kibudu, si halali, na kiafya ni hatari pia. Hata mnyama mgonjwa asichinjwe kwa haraka ili "asipotee bure": katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, uliofuata mvua kubwa, wapo walioambukizwa kwa kushika damu na nyama ya wanyama wagonjwa. Mwiteni afisa mifugo kwanza. Mzoga usichunwe wala kupasuliwa. Ufukiwe katika shimo refu, mbali na kisima, na anayeushika avae glavu na mabuti.