Kikapu, gunia na bidoni: vitu vitatu vya kutengeneza nyumbani kwa franka kidogo



Juma hili tunaleta kazi za mikono. Tumechagua kazi tatu ambazo mama anaweza kufanya kwa siku moja, kwa vitu ambavyo vingi viko tayari nyumbani: kikapu cha kumalizia mapishi, bustani ya ndani ya gunia, na bidoni ya kunawia mikono. Tumezichagua kwa sababu zinagusa vitu vitatu vinavyotusumbua kila siku, yaani makala, mboga na magonjwa.

Kila mama anajua namna makala yanavyomaliza pesa. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi zimeacha mashamba yao na kukimbilia mjini. Zamani mama aliyetoka shambani jioni alirudi na kuni kichwani na mboga kwenye kitunga. Leo vyote viwili anavinunua sokoni, na nyumba moja mara nyingi ina familia mbili au tatu zinazokula kwenye sufuria moja. Kumwambia mama wa namna hiyo aende mbali kutafuta kuni ni kumtuma kwenye hatari. Kila kazi inayopunguza moto jikoni inapunguza pia safari hizo.

KIKAPU CHA KUMALIZIA MAPISHI

Wamama waliohama kutoka Beni kuja Butembo husema kwamba maharagi ya huku hayaivi upesi. Wanasema kweli. Butembo iko juu, karibu metre 1,700 na zaidi, na mahali pa juu maji huchemka kabla ya kufikia moto wa digrii 100. Kwetu Butembo huchemka karibu na digrii 94. Beni iko chini zaidi, ndiyo maana maharagi yaleyale huiva mapema kidogo. Kuongeza makala hakusaidii: maji yakishachemka hayapati moto zaidi, yanaruka tu na kugeuka mvuke.

Hapo ndipo kikapu kinapofanya kazi. Chakula hakihitaji babula iwake saa tatu. Kinahitaji kubaki na joto saa tatu. Ukikichemsha vizuri, kisha ukakifunika kabisa ili joto lisitoke, kinaendelea kuiva peke yake. Wakenya hukiita jikokapu. Katika vita vikuu viwili vya dunia, wamama wa Ulaya walitumia sanduku lililojazwa majani makavu kwa sababu hiyohiyo: makala yalikuwa machache.

Vitu vinavyohitajika:
– Kikapu kikubwa au katoni ngumu, inayozidi sufuria kwa upana wa kiganja kila upande.
– Majani makavu ya mgomba, au nguo kuukuu, au vipande vinavyobaki kwa mshonaji.
– Gunia safi au kikwembe cha zamani cha kufunika ndani.
– Sindano na uzi.

Namna ya kutengeneza:
1. Anika majani ya mgomba juani mpaka yavunjike mkononi. Majani yenye unyevu hayashiki joto, na huoza.
2. Weka majani chini ya kikapu, unene wa kiganja, na uyashindilie kiasi.
3. Simamisha sufuria tupu katikati. Jaza majani pande zote mpaka kwenye mdomo wa sufuria.
4. Tandika kikwembe juu ya majani, kifuate umbo la sufuria kama kiota, kisha ukishone kwenye ukingo wa kikapu.
5. Shona mto mnene, ujaze majani au vitambaa. Mto huu ndio kifuniko. Ufunike mdomo wote bila kuacha nafasi, maana joto jingi hutokea juu.

Namna ya kupika maharagi: yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya. Yachemshe kwa nguvu juu ya babula dakika 30, sufuria ikiwa imefunikwa. Usifungue tena. Izungushie kitambaa kuukuu ili masizi yasichafue kikapu, iingize ndani, weka mto na jiwe dogo juu yake. Iache saa tatu au nne. Kisha irudishe motoni ichemke tena kidogo, utie chumvi, kitunguu na mafuta. Ikiwa maharagi ni ya zamani na bado ni magumu, chemsha dakika 10 na uyarudishe kikapuni.

Mchele unachemka dakika 5, kisha kikapuni karibu saa moja. Punguza maji kidogo kuliko kawaida kwa sababu hayapungui kwa mvuke. Viazi vya Lubero vinachemka dakika 10, kisha saa moja na nusu.

Tunaomba mshike maonyo haya matatu. La kwanza, maharagi, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo haiondoki kwa joto dogo. Inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika 10, kwa hiyo msiyaingize kikapuni kabla hayajachemka sawasawa. La pili, sombe si chakula cha kikapu. Sombe inatakiwa kutwangwa na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi ili sumu yake itoke na mvuke. La tatu, chakula kilichopoa kikapuni kisilazwe humo mpaka kesho. Kikitoka kikiwa vuguvugu tu, kichemshe kabla ya kuwapa watoto.

Sufuria iliyojaa nusu haishiki joto vizuri. Kikapu kinafaa zaidi nyumba yenye watu wengi, na nyumba zetu nyingi leo ni hivyo.

Msituamini kwa maneno tu. Pimeni wenyewe. Siku moja pika kilo moja ya maharagi kama kawaida, ukipima makala kwa kopo. Juma linalofuata pika kilo moja ya maharagi yaleyale kwa kikapu, ukipima kwa kopo lilelile. Andika hesabu zote mbili kwenye daftari la kikundi, na uandike pia saa ambazo hukukaa kando ya moto, kwa sababu saa hizo ni za kushona, kuuza au kupumzika.

BUSTANI YA NDANI YA GUNIA

Baada ya fujo za uchaguzi wa mwisho wa 2007 nchini Kenya, wamama wa Kibera, mtaa mkubwa wa Nairobi usio na nafasi ya kulima, walianza kupanda mboga ndani ya magunia mlangoni kwao. Wengi wetu leo tuko katika hali inayofanana: mikono inajua kulima, lakini shamba liko mbali au haliendeki.

Chukua gunia la kilo 50, udongo, samadi iliyokwisha kuoza, vijiwe vidogo na kopo lisilo na matako. Changanya ndoo tatu za udongo na ndoo moja ya samadi. Simamisha kopo katikati ya gunia, ulijaze vijiwe, kisha ujaze udongo kuzunguka kopo. Vuta kopo juu, vijiwe vibaki, na urudie hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya vijiwe katikati ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, maji hubaki juu na mizizi ya chini hukauka.

Toboa mashimo ubavuni, moja kutoka lingine upana wa kiganja, yasifuatane kwa mstari wa wima. Panda miche ya lengalenga au shu kwenye mashimo, na vitunguu juu. Weka gunia mahali panapopata jua angalau nusu ya siku, na uliinue juu ya mawe ili maji ya ziada yatoke. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia. Maji yenye sabuni nyingi au klore hapana.

Lengalenga huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Chuma majani ya nje, uache moyo wa mche, nao utaendelea kutoa. Gunia moja halitalisha nyumba nzima. Magunia matatu yaliyopandwa kwa kupishana majuma mawili huleta mboga kidogo kidogo bila kukatika. Na kwa mama aliyeacha shamba lake, kuona kitu kinaota tena mikononi mwake kuna faida ambayo haiandikwi kwenye daftari.

BIDONI YA KUNAWIA MIKONO

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, na ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Nyakati zile kila mlango wa kanisa, shule na duka ulikuwa na maji ya kunawa. Ebola ilirudi upande wa Butembo mwezi wa Februari 2021, na Beni mwezi wa Oktoba mwaka uleule. Leo bidoni nyingi zimeondolewa milangoni. Kuhara, tifoidi na kipindupindu havijaondoka.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanakiita kibuyu chirizi, na kilibuniwa Zimbabwe. Ubora wake ni kwamba mkono mchafu haugusi kitu isipokuwa sabuni: mguu ndio unaofungua maji.

1. Pigilia chini miti miwili yenye panda juu, kimo cha kiuno cha mtoto mkubwa. Weka mti mwingine ulale juu yake.
2. Chukua bidoni ya lita 5. Toboa tundu moja kwa msumari uliochomwa motoni, upande ulio mbali na mkono wa bidoni, chini kidogo ya mdomo.
3. Pitisha mti wa kulala katika mkono wa bidoni ili ining'inie.
4. Toboa kifuniko, pitisha kamba, ifunge kwa fundo ndani. Mwisho wa pili wa kamba ufunge kwenye kijiti kinacholala chini.
5. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga kijiti, bidoni inainama na maji yanatoka. Ukiachia, inarudi.
6. Toboa sabuni katikati, uitundike kwa kamba. Ukikosa sabuni, majivu safi ndani ya kopo husaidia.
7. Mwaga kokoto chini ili pasiwe matope.

Weka moja karibu na choo, na nyingine karibu na jiko ikiwezekana. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuijaza kila asubuhi. Bidoni tupu haimlindi mtu.

KWA VIKUNDI

Kikundi chenye AVEC au likelemba kinaweza kuanza na kikapu kimoja kwa majaribio, kitumiwe nyumba kwa nyumba, siku tatu kila mama. Mkiona hesabu ni nzuri, shoneni pamoja. Anayejua kusuka asuke, mwenye mashine ashone mito, mwenye migomba alete majani. Kabla ya kuanza kuuza, hesabuni gharama zote, pamoja na siku za kazi, ili bei isiwadanganye. Na kila anayenunua apewe maonyo yale matatu kwa mdomo, maana si wote wanaosoma.

Nyumba inayokaribisha wakimbizi wa vita ipewe kikapu kwanza. Huko ndiko sufuria ni kubwa na makala ni machache.

Katika mkutano ujao kila mama alete kilo moja ya majani makavu ya mgomba na kipande cha kikwembe kuukuu. Vikundi vya Beni vifanye vivyo hivyo kwao. Tutafurahi kupokea hesabu za makala kutoka miji yote miwili, tuone kikapu kinasaidia kiasi gani huku juu, na kiasi gani kule chini.